Dawa za Miombo: Kilosa na Mikumi

Misitu ya miombo inayozunguka Kilosa na Mikumi, Mkoani Morogoro, imekuwa duka la dawa la Wasagara, Wavidunda na majirani zao tangu kabla ya zahanati kujengwa. Si kila kilichomo humo kinaponya, wala si kila kitu ni ushirikina.

Mninga wengi huufahamu kwa vitanda na makabati. Gome lake likikatwa hutoka utomvu mwekundu mithili ya damu, nao wazee huupaka kwenye jeraha, wakisema chenye sura ya damu huzuia damu. Hoja hiyo haisimami. Tiba yenyewe yasimama kwa kiasi. Utomvu huo una tanini, kemikali zitumiwazo pia na watengenezaji wa ngozi. Tanini hushikamana na protini, zikaikaza nyama ya jeraha na kubana mishipa midogo ya damu. Majani ya mpera, yachemshwayo kwa ajili ya kuhara, yanazo pia. Lakini mtoto anayeharisha huuawa na upungufu wa maji mwilini, na maji ya mpera peke yake hayatoshi pasipo chumvi na sukari.

Kwa mafua, mgonjwa hujifukiza mvuke wa kivumbasi. Mvuke hauviui virusi; humfariji mgonjwa tu, nalo si jambo dogo usiku wa baridi.

Penye hatari hasa ni degedege. Katika sehemu kadhaa za Tanzania mtoto hufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, na wapo wazazi waaminio kwamba sindano itamuua. Degedege huweza kuwa dalili ya malaria iliyofika ubongoni, ambayo huua kwa muda wa saa chache. Moshi hauigusi. Miti haidharauliwi kwa kusema hivyo: kwinini ilipatikana katika gome la sinkona mwaka 1820, na artemisinini katika mmea wa Kichina mwaka 1972. Tofauti ni kipimo, ambacho mizizi ichemshwayo chunguni haina. Ndiyo kazi ya uchunguzi iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 1974, katika kitengo kilichokuja kuwa Taasisi ya Dawa za Asili.

Miti yenyewe haingoji. Mninga uliochunwa gome kuuzunguka hufa, kwa kuwa chakula kitokacho majanini hupitia humo kwenda mizizini. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, uchunaji umekatazwa. Nje yake, mganga na seremala hugombea mti uleule.