Sura ya Sita: Saa ya Mvua Usukumani

Mara ya kwanza nilipofika Shinyanga mjini ilikuwa Novemba, wingu limetanda tangu Isaka. Nilichukua chumba gesti, nikafunga mlango na kulala nikisubiri mvua ikatike. Siku mbili nzima nilisikiliza bati na kuilaumu kalenda. Siku ya tatu mama aliyekuwa akianua shuka uani alinitazama akaniuliza, "Kaka, umetuletea baraka, halafu unajifungia ndani?"

Swali lile ndilo lililozaa sura hii. Sisi tuliokulia Dar es Salaam tunaijua mvua kama foleni, maji ya Jangwani na nguo zisizokauka. Usukumani mvua ni kitu kinachosubiriwa. Mji unabadilika ikinyesha: chakula kinabadilika, mazungumzo yanabadilika, hata rangi ya ardhi. Anayekuja likizo na kuikimbia anaikosa nusu ya mji.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mvua ya huku ina saa zake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inaiweka Shinyanga na Geita katika kundi moja na mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa, yenye vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Hiyo ni misimu ya mwaka. Ndani ya siku moja mpishi ni Ziwa Victoria, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu yake hupanda, na upepo wenye unyevu kutoka ziwani huingia bara kuchukua nafasi. Mawingu huanza kuvimba saa saba, na ikifika saa tisa au saa kumi yanamwaga. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na pepo za pande zote huelekea majini, hukutana huko na kupanda pamoja. Ndiyo maana mvuvi wa dagaa huzihofia radi za usiku wa manane. Na kwa kuwa upepo mkuu hapa hutoka mashariki, mawingu hayo ya usiku husukumwa kuelekea fukwe za magharibi.

Kwa msafiri maana yake ni hii: Shinyanga, iliyo mbali na ziwa, aghalabu hunyeshewa alasiri, basi matembezi yawe ya asubuhi. Geita, iliyo kusini-magharibi mwa ziwa na karibu nalo, inaweza kukuamsha kwa ngurumo za alfajiri, na hapo asubuhi ni ya kukaa. Wingu halisomi ratiba, lakini mpango wa namna hii umenifaa mara nyingi kuliko mwavuli.

Alasiri ya Shinyanga basi. Mvua ikianza kupiga vumbi, ingia mgahawa wowote wa karibu na soko, msalimie mama mwenye mgahawa kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," kisha uliza kama kuna michembe. Nakusihi usikubali mkate siku hiyo. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikawa vikavu kama vijiti. Nduguye ni matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa. Kazi yote hiyo hufanyika kiangazi, kwa sababu vikinyeshewa kabla ya kukauka huota ukungu. Kwa hiyo unapovila mwezi wa Novemba, vimepikwa na karanga zilizotwangwa, unakula jua la Julai. Kile nilicholetewa siku ile kilikuwa cheusi kidogo pembeni, cheupe katikati, kigumu jinoni kwa sekunde moja tu, kisha kikalainika na kuacha utamu wa mbali, kama muwa uliosahaulika. Mvua ilinguruma juu ya bati hata hatukuweza kusikilizana, tukawa tunatafuna na kutazamana.

Wazee wawili mezani waliendelea na drafti yao, vizibo vya soda juu ya ubao. Muda wa kelele ile ulikuwa mzuri kwao, maana hapakuwa na mtazamaji wa kuwafundisha.

Jioni, mvua ikishapita, kaa karibu na taa. Mvua za mwanzo huwatoa kumbikumbi vichuguuni kwa maelfu, kundi la kuruka kwenda kuanzisha vichuguu vipya. Mchwa hungoja ardhi ilowe kwa sababu dume na jike wanaoanguka wanapaswa kuchimba shimo lao la kwanza usiku uleule, na udongo mkavu hauchimbiki kwa taya ndogo namna ile. Watoto wa mtaa huweka beseni la maji chini ya taa ya kibaraza, mabawa yanalowa, na baada ya robo saa beseni limejaa. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Ukikaribishwa, kula.

Asubuhi yake toka nje ya mji kwa miguu. Hapa utajifunza udongo kwa nyayo, na sijui darasa bora la jiografia kuliko hili. Juu, karibu na mawe, kuna udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Mvua ya jana imeshazama na unatembea bila shida. Ukiteremka, rangi inageuka taratibu mpaka unafika mbugani, kwenye mfinyanzi mweusi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne aliona mpangilio huu wa kilima hadi bonde alipokuwa akifanya kazi Afrika Mashariki miaka ya 1930, akaupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wakulima wa hapa walikuwa na jina la kila pingili zamani. Mfinyanzi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Hatua kumi tu, na kila kiatu kimebeba tope la uzito wa kiatu cha pili. Vaa gambuti, au vua viatu kama wenyeji. Lakini udongo huohuo usiopitisha maji ndio unaokupa wali: wakulima huuzungushia matuta yanayofika magotini, wakapata majaruba, na mvua ikishaingia humo haitoki.

Ukiona pori lililoachwa likiwa bichi kati ya mashamba, huenda ni ngitili, malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Miti ya Shinyanga ilikatwa kwa wingi enzi za mkoloni katika vita dhidi ya mbung'o, na baadaye ng'ombe na pamba vikamalizia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, uliwarudisha watu kwenye desturi yao ya ngitili, na miti ikarudi.

Neno moja zito kabla hatujaenda Geita: radi. Januari 2025 wilayani Bukombe radi iliua wanafunzi saba shuleni. Ukisikia ngurumo usibaki uwanjani, usijikinge chini ya mwembe, na usishinde ukipiga picha ziwani. Ingia nyumba au gari, subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Geita ilifanywa makao makuu ya mkoa mpya mwaka 2012, lakini dhahabu ni ya zamani zaidi, na mgodi mkubwa wa leo ulifunguliwa mwaka 2000. Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa mjini, kusudi mchimbaji mdogo auze kwa bei inayojulikana, mzigo upimwe na serikali ipate mrabaha. Si jumba la maonyesho. Omba ruhusa langoni, na simu ikae mfukoni. Mahali pa mgeni hasa ni kwa mama lishe wa jirani, asubuhi ya mvua, kwa sababu mvua ndiyo inayowaleta wachimbaji mjini. Maji yakiingia kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, kuta hulegea. Januari 2024 kwenye machimbo ya Ng'alita, Bariadi, kifusi kiliua watu 22.

Mchimbaji niliyekaa naye benchi moja alikuwa na tope la rangi ya tofali mpaka magotini. Alinieleza jinsi mawe yanavyopandishwa, yanavyosagwa kwenye karasha na kuoshwa, akinionyesha kwa kidole juu ya meza iliyomwagikiwa chai.

"Leo hushuki?" nikamuuliza.

"Nishuke niende wapi, kaka? Duara limejaa. Ardhi ikilowa inataka heshima."

Alinunua chapati ya pili, akakata nusu na kunisogezea. Mvua ilikatika saa nne. Akalipa chai yake na yangu, akapandisha suruali na kuita bodaboda ya kwenda machimboni Mgusu, akaangalie kama pampu imewaka.