Kipimo cha Ukimwi Kilipotutuliza Bure

Mama yangu mdogo aliolewa Kisumu zamani, na hadi leo anakaa Kaloleni. Ana baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kumla viungo. Ilifika hadi akawa hawezi kufunga kifungo cha nguo. Alipoandikiwa prednisoloni, kwa kweli ilimwinua. Akarudi kukanda unga wa chapati kwa mikono yake.

Miezi kadhaa baadaye zikaanza homa za jioni. Kisumu homa huitwa malaria hata kabla ya damu kupimwa, naye akameza dawa za malaria mara mbili. Kisha akakonda, na mtu akikonda kule ziwani majirani wana jina lao tayari. Akapimwa virusi vya ukimwi, hana. Nilikuwa nimepanda basi kutoka Mombasa kwenda kumtazama, na siku ile nyumba nzima tulishusha pumzi. Hapo ndipo tulipokosea. Tulidhani kinga hushushwa na virusi peke yake.

Prednisoloni nayo huishusha. Ndiyo kazi yake. Vijidudu vya kifua kikuu vinaweza kulala mwilini miaka mingi, vimezungushiwa ukuta na chembe za kinga. Inakadiriwa karibu robo ya watu duniani wanavyo, na wengi wao hawaugui maishani. Dawa inayotuliza kinga ili viungo vipoe hulegeza na ukuta ule. Sindano mpya za baridi yabisi ni kali zaidi kwa hili: ripoti iliyotolewa Marekani mwaka 2001 ilieleza wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kudungwa infliksimabu, na zaidi ya nusu yao TB ilikuwa nje ya mapafu.

Sindano hizo kwetu ni za wenye uwezo. Prednisoloni ni rahisi, na wapo wanaoinunua dukani bila cheti cha daktari wakaimeza mwaka mzima. Hao ndio wanaonitia hofu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 hadi 2016 ulikuta wagonjwa 558 wa TB ya mapafu kwa kila watu wazima 100,000 nchini Kenya, na wengi wao hawakuwa na virusi vya ukimwi.

Makohozi ya mama mdogo yalitoka safi. Ugonjwa ulikuwa kwenye utando wa pafu, ukajulikana alipovutwa maji ubavuni.

Basi ukiandikiwa dawa ya kutuliza kinga, uliza kabla ya kidonge cha kwanza: je, nimekaguliwa TB? Kama umewahi kuishi na mgonjwa, sema. Ipo dawa ya kuzuia, isoniazidi, ambayo wenye virusi wamekuwa wakipewa kliniki. Na ukianza kukonda au kutoka jasho usiku, usiache prednisoloni ghafla kwa woga. Mwili uliozoea kuipokea huweza kuzimia. Rudi kwa daktari.

Sasa yuko mwezi wa nne wa matibabu ya miezi 6, na dawa za TB hatoi hata shilingi. Alipoanza rifampisini magoti yalivimba upya, akadhani kapewa dawa ya uongo. Kumbe rifampisini hupunguza nguvu ya prednisoloni mwilini. Daktari akaongeza kipimo, na wiki iliyopita amenipigia kulalamika kwamba samaki wa Dunga wamepanda bei.