Mtihani wa Zamani au Mpya? Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Kampuni inayotoa cheti cha usalama wa mitandao ikitangaza kwamba mtihani wake unafutwa na mwingine unaingia, usiharakishe kuchagua. Wauzaji wa kozi watakuambia ukimbilie wa zamani kabla mlango haujafungwa. Wengine watakuambia usubiri mpya kwa kuwa ndio wa kisasa. Wote wawili wanataka pesa yako. Wewe jiulize kwanza umebakiza mitihani mingapi, na kila mmoja ni dola ngapi.

Mfano mzuri ni mageuzi ya Cisco. Tarehe 10 Juni 2019 kampuni hiyo ilitangaza kuwa mitihani yake mingi ingebadilika tarehe 24 Februari 2020. Cheti cha CCNP Security kilikuwa na mitihani minne ya dola 300, yaani dola 1,200. Mpangilio mpya ulitaka miwili tu: wa msingi kwa dola 400, na mmoja wa kuchagua kwa dola 300. Jumla 700.

Aliyekuwa hajafanya hata mmoja hakuwa na sababu ya kukimbizana na tarehe. Kusubiri kulimwokolea dola 500.

Kwa aliyekuwa katikati ya safari hesabu ilikuwa nyingine. Mtihani wa zamani aliokwisha kufaulu ulihesabiwa badala ya ule wa kuchagua, akabaki na wa msingi peke yake. Kwa hiyo aliyebakiza mitihani miwili ya zamani alikuwa anachagua kati ya dola 600 na dola 400, na mpya ukawa nafuu. Aliyebakiza mmoja alichagua kati ya 300 na 400. Huyo nilimshauri amalize wa zamani, na leo ningemshauri vivyo hivyo.

Ngazi ya chini ilikuwa na mtego mbaya zaidi. CCNA ya zamani iliweza kupatikana kwa mitihani miwili midogo ya dola 165 kila mmoja. Aliyefaulu wa kwanza kisha akaiacha tarehe ipite bila kufanya wa pili hakuhamishiwa chochote: ilimbidi alipe dola 300 za mtihani mpya na kuanza upya. Mwenzake aliyekwishapata CCNA Security alipewa CCNA mpya bila kulipa kitu. Ndiyo maana nasema nusu ya cheti wakati wa mpito ni mali hatari. Kabla ya kulipia chochote, tafuta maelezo rasmi ya uhamisho na uone ulichonacho kinageuka kuwa nini siku ya pili baada ya tarehe ya mwisho.

Cheti cha Security+ cha CompTIA hubadilika kwa namna tofauti, na mwanya wake ni mpana. Toleo la 501 lilitoka Oktoba 2017, la 601 Novemba 2020, la 701 Novemba 2023. Kila mara toleo la zamani liliendelea kufanywa hadi tarehe 31 Julai ya mwaka uliofuata. Kwa hiyo kwa takriban miezi tisa mitihani miwili huwa sokoni, kwa cheti kilekile kinachodumu miaka mitatu tangu siku ya kufaulu. Waajiri huuliza kama una Security+. Namba ya toleo si kitu cha kulipia ziada.

Hapo bei haikusaidii kuamua. Kinachosaidia ni vitabu ulivyonavyo. Kama umesoma robo tatu ya toleo la zamani, funga safari ukafanye. Kama hujafungua hata sura ya kwanza, nunua kitabu cha toleo jipya, hata kama cha zamani kinauzwa kwa bei ya kutupa mtaani. Kinauzwa hivyo kwa sababu muda wake unakwisha.

Sasa yale yasiyoandikwa kwenye tangazo.

La kwanza ni kubadilisha fedha. Mtihani wa dola 300, kwa dola moja shilingi 130 za Kenya, ni shilingi 39,000. Benki yako ikikukata kwa 134, umeongeza 1,200, na bado kuna makato ya kadi. Angalia pia ukurasa wa mwisho wa malipo, maana kodi huweza kujitokeza hapo tu.

La pili ni kufeli. Ada haipungui ukirudia. Cisco hukutaka usubiri siku tano kabla ya kurudia mtihani uleule. CompTIA hukuruhusu kurudia mara ya pili papo hapo, lakini ya tatu unangoja siku 14. Ukiweka mtihani wako wa zamani wiki ya mwisho, unahatarisha nafasi ya pili kwa hiari yako. Weka angalau wiki tatu kabla ya tarehe ya kufutwa. Vituo navyo hujaa mwishoni, na kiti unachokitaka huenda kisipatikane.

Kuna vocha za mtihani za bei ya juu kidogo zenye haki ya kurudia ndani yake. Ni nafuu kuliko vocha mbili, na zinafaa kama kwenye majaribio ya nyumbani bado unayumba. Ila soma tarehe ya kwisha ya ile vocha ya pili. Siku zinazovuka kufutwa kwa mtihani wa zamani hazikusaidii, na vocha iliyokwisha muda hairefushwi.

La tatu ni mahali. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kuna vituo. Anayetoka mbali na kituo aongeze nauli na malazi. Mtihani wa nyumbani kwa kamera unaonekana nafuu, na kwa mwenye umeme wa uhakika ni nafuu kweli. Lakini unahitaji chumba kitupu, bando la kutosha na kompyuta yenye chaji. Umeme ukikatika na modemu ikazima, unaweza kusimamishiwa mtihani, kisha ukaanza kuandikiana barua kudai haki yako. Mimi ningelipa nauli.

Jina kwenye akaunti lifanane na la kwenye pasipoti au kitambulisho, herufi kwa herufi. Ukirudishwa mlangoni kwa ajili ya jina, ada imekwenda. Kuahirisha pia hufanywa angalau saa 24 kabla ya mtihani. Baada ya hapo pesa hairudi.

La nne ni gharama ya kukitunza cheti. Security+ hudai dola 50 kwa mwaka, yaani 150 kwa miaka mitatu, pamoja na pointi 50 za mafunzo. Vyeti vya Cisco havina ada ya mwaka, ila baada ya miaka mitatu lazima uwe umefanya mtihani mwingine au umekusanya pointi: 30 kwa CCNA, 80 kwa CCNP. Shirika la ISC2 nalo mwaka 2022 liliahidi kuwapa watu milioni moja mafunzo na mtihani wa CC, cheti chake cha wanaoanza, bure. Ofa hiyo ikiwa bado ipo, ni mlango mzuri kwa anayeanza bila mtaji. Lakini ukishafaulu, cheti hukipati mpaka ulipe dola 50, na kila mwaka tena 50.

Usinunue maswali yaliyoibwa, hata yakiuzwa kwa bei ya soda. Wakigundua, cheti kinafutwa na ada zote ulizolipa zinapotea pamoja nacho. Zaidi ya hayo, katika kipindi cha mpito mengi ni ya mtihani wa zamani yaliyobandikwa namba mpya.

Ukiwa na pesa ya jambo moja tu mwezi huu, nunua kitabu cha toleo utakalofanya. Orodha ya mada inapatikana bure kwa mwenye mtihani. Ichapishe na uweke alama kwenye kila unachokiweza. Vocha inunuliwe mwisho, alama zikishajaa na tarehe ya kiti ikiwa mkononi.