Maembe Yaangukayo Chini ya Mwembe

Katika nchi ya Ukambani, hasa Makueni na Machakos, miembe huanza kutoa maua baada ya mvua kwisha na baridi ya Juni na Julai kuingia. Baridi na ukavu ndivyo viufanyavyo mti uache kuchipua majani na kugeukia maua. Mwembe upatao maji mengi wakati huo huzidi kunenepa majani tu. Tangu ua hata tunda kukomaa ni miezi minne au mitano hivi, basi mavuno makubwa huwa kati ya Desemba na Machi. Huko Pwani baadhi ya miti huzaa mara mbili kwa mwaka.

Mwenye shamba asishtuke akiona maua mengi yakipukutika, maana ndiyo desturi ya mwembe: kichala kimoja huwa na mamia ya maua, na matunda yanayobaki huhesabika kwa vidole. Jambo la kumtia wasiwasi ni ukungu mweupe kama unga ushikao vichala na kuvikausha. Embe liitwalo Apple, ambalo yasemekana asili yake ni pande za Malindi, lapendwa mno sokoni kwa umbo lake la mviringo, lakini hushikwa na ukungu huo kwa urahisi. Dawa ya salfa hupigwa mapema, maua yanapoanza kufunguka. Akingoja mpaka kichala kiwe cheusi, fedha ya dawa imepotea bure.

Yuko pia fukusi wa kokwa. Huyu hutaga yai juu ya tunda changa, na funza wake huingia ndani ya kokwa na kukua humo, jeraha la nje likapona lisionekane. Hawezi kuruka mbali. Mara nyingi huchukuliwa na watu wenyewe ndani ya kokwa. Basi kutupa makokwa ovyo shambani ni kumfugia adui.

Lakini adui mkubwa kuliko wote ni nzi wa matunda. Wako wa asili ya Afrika, ambao wazee waliwazoea tangu zamani. Mwaka 2003 wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE waligundua huko Pwani nzi mgeni aliyetoka Asia, naye amewapita wenyeji kwa ukali. Leo hujulikana kwa jina la kitaalamu Bactrocera dorsalis. Hasara yake haikukoma shambani: mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe yake katika masoko ya Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na safari hizo hazikuanza tena hata mwaka 2021. Katika miaka hiyo saba mkulima alilikosa soko hilo.

Nzi jike hutoboa ganda la embe na kuacha mayai chini yake. Kwa siku moja au mbili funza hutoka wakaanza kula nyama ya tunda. Embe huoza, huanguka, na funza hujipenyeza udongoni, ambako kila mmoja hugeuka kuwa kama punje ndogo ya rangi ya kahawia. Baada ya siku kumi hivi hutoka nzi mpya. Kwa hiyo embe bovu lililoachwa chini ya mti si takataka tu. Ni kitalu cha nzi wa mwezi ujao.

Ndiyo sababu kazi ya kwanza haihitaji duka. Maembe yaliyoanguka yaokotwe mara mbili kwa juma na kuzikwa katika shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, ama yatiwe katika mfuko mweusi wa plastiki, ufungwe barabara, uanikwe juani mpaka funza wafe. Kuyatupa uani au kandokando ya njia hakufai kitu.

Kazi ya pili ni mitego. Iko dawa yenye harufu, methili eujenoli, ambayo huwavuta nzi dume. Ikitiwa mtegoni pamoja na sumu kidogo, dume hufa na majike hukosa wa kupandana nao. Majike nao wanahitaji chakula chenye protini kabla ya kutaga, basi chambo cha protini kilichochanganywa na sumu hupigwa mahali padogo tu katika majani ya kila mti, mara moja kwa juma, tangu matunda yakiwa madogo. Hakuna haja ya kuuosha mti mzima kwa dawa, tabia inayoua hata wadudu walio rafiki. Kule Pwani wengi huwachoma moto chungu wa majimoto kwa kuwa wanauma wachumaji. Ni kweli wanauma, lakini chungu hao huwafukuza nzi wasitage.

Walakini nzi hajui mpaka wa shamba. Ikiwa jirani ana mpera au mkungu uangushao matunda mabovu, jitihada ya mtu mmoja ni kama kuteka maji kwa pakacha. Afadhali kijiji kizima kitegeshe na kuokota kwa siku zilizokubaliwa.

Kuhusu kuchuma, embe lililokomaa hujaa mabegani, karibu na kikonyo, na nyama yake karibu na kokwa huanza kuwa ya manjano. Litwaliwe kwa upembo wenye mfuko, lisipukutishwe chini, tena likatwe na kipande cha kikonyo, kisha ligeuzwe kichwa chini mpaka utomvu uishe kutiririka; utomvu huunguza ganda na kushusha bei. Na yule auzaye mti mzima kwa dalali wakati wa maua, hata kama shida ya karo imembana, kwanza ahesabu mti huo ulitoa maembe mangapi mwaka uliopita.