Tairi Kwanza, Fremu Baadaye

Tangu Agosti 2022, Rubavu ilipopokea IRONMAN 70.3 ya kwanza ya Rwanda kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, kijana wa Ngara yuko karibu na triathloni ya masafa marefu kuliko kijana wa Dar es Salaam. Anavuka Rusumo, anapita Kigali, anafika Rubavu bila kupanda ndege. Huko ataogelea kilomita 1.9, ataendesha baiskeli kilomita 90, kisha atakimbia 21.1. Hiyo ni nusu ya ile kamili iliyoanzia Hawaii mwaka 1978. Ada ya kushiriki ni mamia ya dola, nayo hatuna uwezo wa kuipunguza. Mazoezi ya kuogelea huku kwetu nayo yana shida zake, maana Ziwa Burigi lina viboko na mamba. Pa kubana matumizi ni kwenye baiskeli.

Hesabu ianze na saa, shilingi zifuate. Kwa kawaida 70.3 humpa mshiriki saa 1 na dakika 10 za kuogelea, na baiskeli iwe imekwisha ndani ya saa 5 na nusu tangu aingie majini. Ukitoka ziwani dakika ya mwisho, ukatumia dakika 10 kujifuta na kufunga viatu, umebakiwa na saa 4 na dakika 10. Huo ni wastani wa karibu kilomita 22 kwa saa, milima ikiwemo. Baiskeli yoyote unayoitamani ipime kwa namba hiyo kabla ya kuangalia rangi.

Phoenix, ile inayobeba mikungu ya ndizi na madumu ya maji, mpya inazungukia laki tatu, juu au chini kidogo kutegemea duka. Kwa upande wa spea haina mpinzani: tairi, tyubu, spoku, gololi, vyote viko Nyakahura, viko Kabanga, na fundi wa chini ya mti anaifungua akiwa anaongea na simu. Sasa hesabu meno. Ikiwa na meno 48 mbele na 20 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja unasogea mita 5.3 hivi. Mizunguko 70 kwa dakika inakupa kilomita 22 kwa saa, kwenye tambarare na bila kupumzika. Yaani uko kwenye mstari wa kuondolewa hata kabla hujaona kilima. Ukibadilisha meno ya nyuma yawe 18, mizunguko ile ile itakupa zaidi ya kilomita 24, lakini kwenye vilima vya Ngara utashuka usukume chuma cha kilo 20 na ushee.

Halafu kuna breki. Zile za vyuma hukandamiza raba kwenye rimu ya kromiamu, na rimu hiyo ikilowa mvua unabaki na dua. Kama Phoenix unayo tayari nyumbani, ifanyie mazoezi. Miguu haijui bei ya baiskeli. Kuinunua leo kwa ajili ya Rubavu ni kupoteza laki tatu.

Kinachoniudhi zaidi ni baiskeli mpya ya gia inayoning'inia mbele ya duka, yenye springi mbele na nyuma na maandishi makubwa kwenye fremu. Bei yake haiachani sana na Phoenix, kwa hiyo mnunuzi anajiona amepata gia 18 za bure. Springi ya nyuma ya bei rahisi inakula nguvu kila unapokanyaga, kibadilisha gia chake ni bati lililopinda kabla ya wakati, na tairi zenye meno makubwa zinanguruma kwenye lami. Ukikuta isiyo na springi ya nyuma, hiyo ina maana. Ivue tairi za meno, ivalishe nyembamba laini za inchi 26, ijaze upepo vizuri, na milima ya Rubavu utaipanda ukiwa umekaa.

Chaguo langu ni mtumba wa baiskeli ya mbio, wa chuma au aluminiamu, kutoka Mwanza, Dar es Salaam au Kigali. Tenga laki nne hadi nane, na usilipe kabla ya kuikagua. Pitisha kucha kwenye maungio yote ya fremu, hasa chini ya shingo, kutafuta ufa. Nenda na rula ya shule: kwenye cheni mpya, pini 21 zinazofuatana, yaani pingili 20, zina urefu wa sentimita 25.4. Zikifika 25.6, cheni imechoka, na huenda imeshakula meno ya nyuma pia. Hapo omba upunguziwe bei au ondoka.

Mtego wa mtumba huu ni tairi, na wengi wananaswa. Phoenix inaitwa 28. Baiskeli ya mbio nayo mara nyingi inaitwa 28. Ukimuuliza muuzaji kama tairi yake itaingia atakujibu, "28 ni 28, mwanangu." Si kweli. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Ya Phoenix inaishia na 635, ya baiskeli ya mbio inaishia na 622. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi inapokaa kwenye rimu, na tofauti ya milimita 13 hailazimishwi kwa bisibisi. Tairi ya inchi 26 ya baiskeli ya gia ni 559. Kwa hiyo anayenunua baiskeli ya mbio aje na tairi mbili na tyubu nne kutoka mjini alikoinunua, maana Biharamulo anaweza kuzunguka maduka yote akarudi na za 635. Aongeze na kile kiadapta kidogo cha shaba, kwa sababu valvu nyembamba ya Presta haikamatani na pampu nyingi za mafundi wetu.

Baiskeli halisi ya triathloni? Za kaboni, mpya, zinaanzia milioni saba au nane na kupita thelathini. Tangu Kigali ipokee mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na Tadej Pogačar kushinda mbio za barabarani za wanaume, nasikia vijana wakizungumza kaboni kana kwamba ndiyo iliyopanda vile vilima.

Unapokwenda kasi kwenye tambarare, adui mkubwa ni upepo, na sehemu kubwa ya upepo huo inagonga mwili wako, si fremu. Mwaka 1989 Greg LeMond aliegemeza mikono kwenye vishikio vya mbele vilivyotoka kwenye triathloni, akashinda Tour de France kwa sekunde 8. Mwaka 1993 Mskochi Graeme Obree alivunja rekodi ya dunia ya saa moja kwa baiskeli aliyojiundia, iliyokuwa na bearing ya mashine ya kufulia. Vishikio vya aluminiamu vya bei ya chini utavipata mtandaoni kwa laki moja na kitu, kabla ya usafirishaji na ushuru. Usimpe fundi wa kuchomelea avibuni. Vikikatika kwenye mteremko hakuna wa kumlaumu. Hata vya dukani sivitumii kati ya Lusahunga na Rusumo, kwa sababu ukivilalia mikono iko mbali na breki, na malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hayakusubiri ukwepe shimo.

Kabla ya kununua vishikio hivyo, kuna marekebisho ya bure. Pandisha kiti: kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke wote, ukiweka unyayo wa mbele, goti litabaki limekunjwa kidogo. LeMond alitumia hesabu: urefu wa mguu kwa ndani zidisha 0.883, upate umbali kutoka katikati ya mhimili wa kati, ule unaoshika mikono ya pedeli, hadi juu ya kiti. Mguu wa sentimita 80 unataka karibu 70.6. Wengi wetu tunaendesha chini sana, tukizoea kugusa ardhi kwa nyayo mbili, na ndiyo maana magoti yanauma.

Basi mpangilio wa matumizi yangu ni huu: kofia ngumu, kwani bila hiyo hawakuruhusu kuanza; raba za breki na waya zake; tairi; grisi na gololi mpya za ekseli; cheni; kisha, pesa ikibaki, vishikio. Ncha za usukani ziwe na vifuniko, waamuzi hukagua. Siku ya safari fungua pedeli ili baiskeli ikae vizuri ndani ya buti la basi, ukikumbuka kwamba ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha spana kuelekea inakokwenda mishale ya saa.