Mfupa wa ng'ombe kwenye taya lako? Fahamu unavyofanya kazi

Kwa mtu wa Kalemela, mkoani Simiyu, ng'ombe ni mahari, maziwa na ada ya shule. Je, wajua kuwa mfupa wake unaweza pia kusaidia taya la binadamu kuota mfupa mpya?

Iko hivi. Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa umelishika huanza kuliwa taratibu kwa kuwa hauna tena kazi. Ndani ya mwaka mmoja, upana wake unaweza kupungua karibu nusu. Baadaye ukitaka jino la kupandikiza, ile skrubu ya titani inakosa pa kushika.

Hapo ndipo mfupa wa ng'ombe unapoingia. Kiwandani huchomwa kwa joto kali na kusafishwa kwa kemikali mpaka mafuta, seli na protini ziondoke. Zinabaki punje za madini ya kalsiamu na fosfati, zenye vitundu kama sponji. Daktari anazijaza kwenye pengo, anafunika kwa utando maalumu, kisha anashona.

Punje hizo hazioti. Zinafanya kazi kama jukwaa la fundi ujenzi: mishipa ya damu na seli zako hupenya kwenye vitundu na kujenga mfupa wako mwenyewe. Mara nyingi huchukua miezi 4 hadi 6.

Si wazo la jana. Mwaka 1668, maandishi ya daktari Mholanzi Job van Meekeren yalieleza habari za askari wa Urusi aliyezibwa fuvu kwa mfupa wa mbwa.

Kabla hujakubali, zingatia haya:

1. Uliza umetokana na mnyama gani. Punje au utando vinaweza kuwa vya nguruwe. Kama imani yako hairuhusu, sema mapema. Zipo za kutengenezwa maabara, na hata mfupa wako mwenyewe hutumika.

2. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona. Usimfiche daktari.

3. Usijaribu nyumbani! Unga wa mifupa wa buchani au wa chakula cha kuku una vijidudu na unaweza kukuozesha taya.

Kikubwa zaidi: wengi wetu jino likiuma tunakimbilia kung'oa. Muulize kwanza daktari kama linazibika. Jino likibaki, na mfupa wake unabaki, wala hutahitaji wa ng'ombe.