Sakafu ya Vinili kwa Nyumba Mpya: Pima Kabla ya Kutuma Pesa

Ukitaja vinili, wengi hufikiria mkeka wa mbao, ule unaouzwa kwa roli na kukatwa kwa mita. Leo tunaongea kuhusu ndugu yake: vibao vigumu vya vinili vinavyojifunga kimoja kwa kingine ukingoni. Havipigwi misumari wala kubandikwa na gundi, vinalala tu juu ya simiti, ndiyo maana huitwa sakafu inayoelea.

Mbona sisi wa malipo tunaongea mambo ya sakafu? Kwa sababu kazi hii hutoa pesa nyingi kwa simu kwa muda mfupi, na nyingi hutumwa kabla mtu hajapima chochote.

Usianzie dukani. Anza na simiti yako. Nyumba mpya hubeba maji ambayo macho hayaoni. Makadirio ya kawaida ni siku moja kwa kila milimita ya skridi, kwa hivyo skridi ya milimita 40 inahitaji kama siku 40, na wakati wa mvua huenda zaidi. Jipimie mwenyewe: chukua karatasi ya nailoni ya mita moja kwa moja, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote, iache siku 2 au 3. Ukiinua ukute matone, au simiti imekuwa nyeusi kuliko ile ya pembeni, bado haijakauka. Vinili yenyewe haiogopi maji, lakini unyevu ukifungiwa chini yake huleta kuvu na harufu, na hapo itabidi ufungue kila kitu.

Kisha laza rula ya alumini ya mita 2 kila upande. Mwanya ukizidi milimita 3, fundi asawazishe kwanza. Wengine watakuambia sponji ya chini itaficha hayo mabonde. Haifichi, viungo vitacheza kila ukikanyaga mpaka vivunjike.

Sasa hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita 14 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya vipande vya kukatwa, unapata 15.4. Boksi likifunika mita 2.2, unahitaji maboksi 7. Kwa unene, uliza kuhusu tabaka la juu la kinga kuliko unene wa kibao: milimita 0.3 inatosha chumba cha kulala, lakini sebule yenye watoto na viti vya kuburutwa ni afadhali 0.5.

Hapa ndipo bajeti huvuruga kazi. Ukinunua maboksi 3 mwezi huu na 4 mwezi ujao, rangi inaweza kutofautiana, hata kama jina ni lile lile. Angalia nambari ya toleo kwenye kila boksi, zifanane. Kama pesa haijatosha, weka akiba kwanza, au kubaliana na duka ulipe pole pole huku maboksi yako yote yakiwa yametengwa, na makubaliano yaandikwe.

Vifaa lipia duka moja kwa moja kupitia nambari ya till, usipitishie kwa fundi. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Kama si la duka, simama uulize. Meseji ya malipo usiifute, utaihitaji ukirudisha boksi lenye kasoro.

Maboksi yakifika, yakae ndani ya chumba hicho kwa saa 48 kabla ya kutandikwa. Fundi aache mwanya wa milimita 6 hadi 10 ukutani pande zote, ufunikwe na skatingi, kwa sababu vinili hutanuka kwa joto. Hata dirisha linalopigwa na jua la mchana linatosha kuinua sakafu iliyobanwa. Kabati za jikoni za kudumu zisikalie vibao hivi. Zifungwe kwanza, sakafu iishie kwazo.

Pesa ya ufundi igawe: sehemu akianza, sehemu akifika nusu, salio mwisho. Kabla ya salio, vua viatu utembee chumba chote polepole, pamoja na pembe za nyuma ya mlango. Kibao kikibonyea au kulia, akirekebishe ukiwa hapo, kisha ndipo utume.